Mwalimu Nyerere alivyowaenzi waliouawa na tawala za majirani

Julai 1979, bunduki zikiwa zimenyamaza wiki chache tu, Rais Julius Nyerere alifunga safari ya Kanda ya Ziwa kuwashukuru wananchi waliobeba mzigo wa vita dhidi ya Idi Amin.

Mwaka huohuo Mkoa wa Ziwa Magharibi, uliojumuisha Ngara na Biharamulo, ulipewa jina jipya: Kagera. Ni jina la mto, lakini kwa Watanzania wa wakati ule lilishakuwa jina la msiba.

Kijana wa Butiama aliyesoma Kampala

Nyerere alizaliwa 13 Aprili 1922 Butiama, mkoani Mara, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Tabora, kisha Chuo cha Makerere, Kampala, na baadaye Edinburgh, Uskoti.

Alifundisha Pugu, ndiyo maana akaitwa Mwalimu hadi kaburini. TANU ilizaliwa 7 Julai 1954, na 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru.

Kwa hiyo Uganda haikuwa nchi ya mbali kwake. Ndiko alikosomea ualimu.

Aligoma kukaa meza moja na Amin

Amin alipompindua Milton Obote Januari 1971, Nyerere alikataa kuitambua serikali yake na akampa Obote hifadhi. Tangu hapo kikao cha marais watatu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hakikufanyika tena, na mwaka 1977 jumuiya yenyewe ikavunjika.

Mwaka 1975 viongozi wa Afrika walikwenda Kampala kwenye mkutano wa OAU, Amin akiwa mwenyeji. Tanzania ilisusia. Hoja ya Mwalimu ilikuwa rahisi tu: Afrika haiwezi kuwalaani makaburu wanaoua watu weusi, halafu ikamshangilia Mwafrika anayewaua raia wake mwenyewe.

Msimamo huo haukumpatia marafiki wengi. Marais kibao waliona ni kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine.

Kisha zamu ikawa ya Kagera

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Mutukula na kuteka eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera, kilomita za mraba 1,800 hivi. Raia wapatao 1,500 wanakadiriwa kuuawa. Wanawake walibakwa, ng'ombe wakaswagwa kupelekwa Uganda, kiwanda cha sukari kikaporwa. Daraja la Kyaka nalo likalipuliwa.

Maelfu ya watu walikimbilia kusini ya mto na walichoweza kubeba.

Nyerere alilitangazia taifa vita kwa hotuba ambayo maneno yake watu wanayakariri hadi leo. Mgambo kutoka pande zote za nchi waliungana na JWTZ, na 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Amin akakimbia.

Bei yake ilikuwa kubwa. Vita viligharimu karibu dola milioni 500 na Mwalimu akawaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mkanda haukulegea.

Na kule OAU? Kwenye mkutano wa Monrovia, Julai 1979, Sudan na Nigeria ziliikosoa Tanzania kwa kuingia Uganda. 

Askari waliokufa walijengewa mnara na makaburi Kaboya, wilayani Muleba. Hadi leo Watanzania huwakumbuka mashujaa wao kila 25 Julai.

Ngara: kuwaenzi wafu kwa kuwapokea walio hai

Ila kuna upande wa pili wa habari hii, na huo unaonekana zaidi Ngara kuliko Kaboya.

Kabla mto haujafika Kyaka, unapita Rusumo, kwenye mpaka wa Ngara na Rwanda. Tangu mauaji ya Rwanda ya 1959 na yale ya mwishoni mwa 1963, Watutsi walikuwa wakivuka kuja Tanganyika. Serikali ya Nyerere iliwapa ardhi ya kulima, ikiwemo Muyenzi, hapohapo Ngara. Warundi walifuata mwaka 1972, baada ya utawala wa Michel Micombero kuua Wahutu kwa makumi ya maelfu.

Mwaka 1980 Tanzania iliamua kuwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000. Nchi ilikuwa haina mafuta wala sabuni madukani, lakini nafasi ya watu ilikuwepo. Mwaka 1983 Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen, tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa waliowasaidia wakimbizi.

Aling'atuka 1985. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, maiti zilielea chini ya daraja la Rusumo na watu kama 250,000 wakavuka kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi. Safari hii waliovuka walichanganyika: wasio na hatia na waliotoka kuua.

Mwalimu alitumia miaka yake ya mwisho kuwapatanisha Warundi, mazungumzo yakifanyika Arusha. Alifariki London 14 Oktoba 1999, mkataba ukiwa bado. Ulisainiwa Agosti 2000.

Kilichobaki

Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete aliongoza Siku ya Mashujaa Kaboya. Kwenye ziara hiyohiyo ya Kagera aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke. Katika operesheni iliyofuata waliondolewa maelfu, wakiwamo waliokaa nchini miongo kadhaa.

Serikali ilisema tatizo ni ujambazi na silaha, na wakazi wa Biharamulo na Ngara walikuwa wametekwa njiani vya kutosha. Lakini swali alilowaachia Mwalimu bado liko palepale mpakani: mnara wa wafu unatosha, kama ndugu zao waliosalia hawana pa kukaa?