Mchawi Mpe Mwana Kulea: Maisha ya L. Frank Baum

Mswahili akimtaja mchawi hana haja ya kuongeza kivumishi. Ubaya umo ndani ya nomino yenyewe. Atumiaye nguvu za siri kwa manufaa ya watu huitwa mganga. Ndiyo maana kirai mchawi mwema hulikwaruza sikio letu. Kirai cha namna hiyo ndicho kilichochangia kukifikisha mahakamani kitabu cha watoto cha L. Frank Baum, zaidi ya miaka 60 baada ya mwandishi huyo kufariki. Makala haya yanamulika maisha yake.

Lyman Frank Baum alizaliwa tarehe 15 Mei 1856 huko Chittenango, jimbo la New York, Marekani. Babake alikuwa tajiri wa mafuta. Kwa kuwa afya yake ilikuwa dhaifu, alidumu miaka miwili tu katika shule ya kijeshi ya Peekskill. Baadaye alifuga kuku wa aina ya Hamburg na kuandika kitabu juu yao. Kisha akatunga na kuigiza tamthilia.

Mnamo 1882 alimwoa Maud Gage. Mama mkwe wake, Matilda Joslyn Gage, alikuwa mtetezi mashuhuri wa haki za wanawake. Katika kitabu chake cha 1893, Woman, Church and State, Gage alishikilia kuwa wengi wa waliouawa Ulaya kwa tuhuma za uchawi walikuwa wanawake wenye maarifa, na kwamba kosa lao lilikuwa ni ujuzi wao. Idadi aliyoitoa ya waliouawa imekataliwa na wanahistoria wa leo. Hata hivyo, hoja yake kwamba jina la mchawi laweza kugeuzwa silaha ya kumnyamazisha mwanamke ingali hai.

Mwaka 1888 Baum alihamia Aberdeen, Dakota. Duka alilofungua lilianguka, akageukia uhariri wa gazeti. Hapo ndipo penye doa kubwa la maisha yake. Mnamo Desemba 1890, baada ya kuuawa kwa kiongozi Sitting Bull, na tena Januari 1891, baada ya mauaji ya Wounded Knee, aliandika tahariri za kutaka Wahindi Wekundu waangamizwe kabisa. Hatuwezi kuusimulia wema wa kalamu yake tukauficha unyama huo.

Gazeti nalo lilimshinda. Mwaka 1891 aliihamishia familia yake Chicago, akawa mchuuzi wa vyombo vya kaure, akisafiri mji hadi mji. Aliporudi nyumbani aliwatambia hadithi wanawe wanne. Gage, aliyekuwa akiishi nao mara kwa mara, alimhimiza aziandike. Bibi huyo alifariki mwaka 1898, kabla ya kuliona tunda la himizo lake.

The Wonderful Wizard of Oz ilichapishwa mwaka 1900, ikiwa na picha za W. W. Denslow. Katika utangulizi, Baum alieleza nia yake ya kuwapa watoto ngano za furaha zisizo na vitisho vilivyozoeleka. Wachawi wanne wanatajwa humo: wawili waovu, wawili wema. Wahakiki wengi wanauona mkono wa mama mkwe katika hao wema. Naye Mchawi Mkuu wa Oz, anayetetemekewa na nchi nzima, anafichuliwa kuwa laghai tu aliyejificha nyuma ya pazia.

Baum aliandika riwaya 14 za Oz. Licha ya umaarufu huo, alifilisika mwaka 1911. Alifariki Hollywood tarehe 6 Mei 1919, akiwa na umri wa miaka 62.

Kitabu chake hakikupumzika. Mwaka 1957 mkurugenzi wa maktaba za Detroit alisema vitabu vya Oz havina thamani kwa watoto. Huko Tennessee, katika miaka ya 1980, familia za Kikristo zilishtaki bodi ya elimu ya Kaunti ya Hawkins kwa sababu ya vitabu vya kusomea shuleni. Miongoni mwa malalamiko yao ni kwamba hadithi ya Oz ilionyesha wachawi kuwa wema. Mwaka 1986 jaji aliamua watoto wao wasilazimishwe kuvisoma. Mwaka 1987 mahakama ya rufaa iliutengua uamuzi huo.

Hofu ya mzazi si ya kudharauliwa, kwani fasihi hulea. Lakini wazazi hao walilipima neno wakaiacha hadithi. Hadithi yenyewe inamfunza mtoto asitishwe na sauti kubwa iliyo nyuma ya pazia. Tahariri za Dakota hazikuwa na mchawi hata mmoja, na ndizo zilizobeba sumu.

Wahenga walinena kwamba mchawi mpe mwana kulea. Sisi wanafunzi wa fasihi ya watoto tuanze kwa kumchunguza mlezi kwa matendo yake kabla ya jina lake. Na atakayeitafsiri Oz kwa Kiswahili akumbuke kuwa, atakapochagua kati ya mchawi na mganga, atakuwa ameshatoa hukumu.