Gregor Mendel na Mbegu za Njegere

Mwaka 1822, katika kijiji kimoja cha nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, alizaliwa mtoto aliyeitwa Johann Mendel. Wazazi wake walikuwa wakulima. Fedha za masomo zilipopungua, mdogo wake wa kike alimpa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake. Mendel hakuusahau wema huo. Baadaye alisaidia kuwasomesha wapwa zake.

Mwaka 1843 aliingia katika nyumba ya watawa mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Alifundisha shuleni, ingawa mtihani wa cheti cha ualimu ulimshinda.

Tangu mwaka 1856 alifanya majaribio ya njegere katika bustani ya watawa. Alichukua chavua ya ua moja, akaipaka katika ua la mmea mwingine. Mzazi mmoja alikuwa wa ukoo wenye mbegu za mviringo na rangi ya manjano. Wa pili, wa ukoo wenye mbegu za makunyanzi na rangi ya kijani. Mbegu za watoto zote zilikuwa za mviringo na za manjano. Je, makunyanzi na ukijani vilikuwa vimepotea? La. Mendel alizipanda mbegu hizo, akavuna mbegu 556 za wajukuu, akazihesabu. Za mviringo na manjano zilikuwa 315. Mviringo na kijani 108. Makunyanzi na manjano 101. Makunyanzi na kijani 32. Tazama zile 108 na zile 101: hapakuwa na babu wala bibi wa namna hiyo!

Mendel alieleza kwamba kila sifa huletwa na vitu viwili, na kwamba mzazi humpa mtoto kimoja tu. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1866, lakini hayakueleweka. Alifariki mwaka 1884. Mwaka 1900 ndipo wataalamu wa mimea walipotambua thamani ya kazi yake.

Baadaye hadubini ilionyesha sababu. Seli ya njegere ina nyuzi 14 ziitwazo kromosomu, yaani jozi 7. Chavua na mayai ya mmea yanapotengenezwa, kila jozi hutengana, na jozi moja haifuati nyingine. Mgawanyiko huo huitwa meiosisi. Umbo na rangi ya mbegu vimo katika jozi mbalimbali, ndiyo maana viliweza kuachana. Binadamu ana jozi 23, na kwa kutengana huko mzazi mmoja aweza kutoa michanganyiko zaidi ya milioni 8.