Mwenda Jean Bosco: Vidole Viwili na Sauti za Kordi

Ni majina machache katika historia ya gitaa Afrika Mashariki na ya Kati yanayotajwa kwa heshima kama la Mwenda Jean Bosco, aliyejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke. Hata hivyo, kijana wa Kisii au Nyamira anayeshika gitaa leo kwa mara ya kwanza huenda hajawahi kulisikia. Akimsikia mpigaji hodari, hudhani kwamba solo ni kasi ya vidole, na hujitaabisha kupanda na kushuka ngazi nzima ya sauti kabla hajaweza kusimama imara juu ya kordi moja. Maisha ya Mwenda yanaonyesha njia nyingine.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga, mahali palipokuwa makao makuu ya Msiri, mtawala mwenye asili ya upande wa Unyamwezi aliyeuawa mwaka 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold. Ikumbukwe kuwa misafara ya biashara ilikuwa imekwisha kukifikisha Kiswahili katika nchi hiyo, na baadaye migodi ya shaba ikakieneza miongoni mwa vibarua waliotoka pande mbalimbali. Kwa hiyo Mwenda alipoimba kwa Kiswahili hakuwa akitafuta soko la mbali. Aliimba kwa lugha ya mjini kwake, yenye lafudhi na msamiati wa Katanga, na soko likamfuata.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji mashuhuri wa muziki wa Afrika, alifika Jadotville, mji ambao sasa huitwa Likasi. Humo alikutana na Mwenda na kuzinasa nyimbo zake, miongoni mwazo Masanga na Bombalaka. Santuri zake zilitolewa kwa nembo ya Gallotone, mali ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, nazo zikasambaa katika nchi nyingi. Nembo hiyo ilizoeleka mno hata wako wapenzi wa muziki Tanzania wanaoliita gitaa kavu galatoni.

Masanga ndiyo iliyomjengea jina, na inastahili kuchunguzwa kwa utulivu. Mkono wa kulia wa Mwenda ulitumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba lilishika nyuzi nene na kutembeza besi. Kidole cha shahada kilichagua sauti katika nyuzi nyembamba. Msikilizaji asiyemwona aliweza kuapa kuwa wapo wapigaji wawili. Siri ya jambo hilo, hata hivyo, ilikuwa zaidi katika mkono wa kushoto, uliokaa kwenye umbo la kordi na kuondoka pale tu ilipolazimu.

Kordi ni kundi la sauti tatu au zaidi zinazopatana zikipigwa pamoja. Kwa lugha ya do-re-mi inayofundishwa katika kwaya zetu, kordi ya kwanza ina do, mi na so. Ya nne ina fa, la na do. Ya tano ina so, ti na re. Katika umbo la C, ambalo Mwenda alilitumia kupigia Masanga, uzi wa kwanza ukiachwa wazi hutoa mi, wa pili ukibanwa kwenye kituo cha kwanza hutoa do, na wa tatu ukiachwa wazi hutoa so. Mpigaji akiziparura nyuzi hizo kwa pamoja, amepiga kordi. Akizidonoa moja moja, kwa mpangilio na mapigo anayoyataka, ameanza solo. Akiinua kile kidole cha uzi wa pili, hupata ti, nayo hudai kurudi do. Kidole kidogo kikibana uzi uo huo kwenye kituo cha tatu, hupatikana re, ambayo ni daraja kati ya do na mi. Sauti hizi za kupitia hazina makao. Utamu wake hutokana na kuzipitia na kurejea katika sauti za kordi.

Kordi inapobadilika kwenda F, kidole kilichobana do hakiondoki, kwa kuwa do ni mali ya kordi zote mbili. Vivyo hivyo so hubaki mtu anapotoka C kwenda G. Mwanafunzi akizijua sauti hizi za ushirika, solo yake haitakatika katikati kila kordi inapogeuka. Mwenda aliweza kuufanyia wimbo mmoja mabadiliko mengi bila kumpoteza msikilizaji, kwa sababu kila tawi alilolirukia lilikuwa la mti uleule.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuja Nairobi na kukaa kwa muda, akipiga gitaa redioni na kuitangaza dawa ya Aspro. Edouard Masengo, mwenzake wa Katanga, naye alipitia Nairobi katika kipindi hichohicho. Ziara hizo zilikuwa shule bila darasa. Wapigaji wa Kenya walisikiliza, wakajaribu, wakakosea, wakasikiliza tena. Si kwamba Kenya haikuwa na wapigaji wake: George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliikuza omutibo huko Magharibi, gumba na kidole vikisemezana huku chupa ya soda ikishika mapigo. Lakini redio ilimfanya Mwenda asikike kwa mara moja katika nyumba nyingi, Nyanza ikiwamo, na Gusii wakati huo ilikuwa sehemu ya Nyanza.

Sikio la Mgusii halikulipokea gitaa likiwa tupu. Huko Kisii na Nyamira tayari kulikuwa na obokano, zeze kubwa la nyuzi nane lenye mvumo mzito, ambalo mpigaji wake huketi chini. Nyuzi zake hazibanwi kama za gitaa. Kila uzi una sauti yake moja. Mpigaji wa obokano, basi, hana budi kuutunga wimbo mzima kutokana na sauti chache zilizo mbele yake, na ubunifu wake huonekana katika kuchagua, kurudia na kuchelewesha. Itakuwa kosa kudai kuwa obokano hufuata kordi za Kizungu. Haifuati. Lakini nidhamu yake ndiyo ileile anayoihitaji anayeanza solo: ajifungie kwenye sauti tatu za kordi ya C kwa wiki nzima, abadilishe mapigo tu, ndipo aongeze F, kisha G, na sauti za kupitia ziwe za mwisho. Gitaa la umeme lilipotamalaki na wasanii kama Christopher Monyoncho, aliyefariki mwaka 2013, kuliimbia kwa Ekegusii, nidhamu hiyo haikupitwa na wakati.

Wataalamu wa mbali waliuona uzito wa kazi ya Mwenda mapema. David Rycroft, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha London, aliuchambua upigaji wake kwa nota katika makala mbili za mwaka 1961 na 1962. Inasikitisha kwamba karatasi hizo zilisomwa zaidi Ulaya kuliko katika miji ambayo nyimbo zenyewe zilichezewa dansi. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Kisha umaarufu wake wa nje ukafifia, kwani mitindo ya bendi za umeme ilikuwa imeteka masikio. Mwaka 1979 John Low, mpiga gitaa na mtafiti kutoka Uingereza, alisafiri hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kuwatafuta mabingwa wa gitaa kavu, Mwenda akiwa miongoni mwao.

Mwaka 1982 Mwenda alizuru Ujerumani, na mwaka 1988 akarekodi studioni Cape Town, bado kwa gumba na kidole cha shahada. Alifariki Septemba 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia, miaka 38 baada ya kunaswa kwa sauti yake Jadotville.