Theremin: Mvumbuzi aliyepiga muziki hewani, akarudi kwao kufungwa

Vinanda vya umeme tunavyovisikia makanisani, harusini na kwenye kumbi za dansi vina ukoo wao. Mmoja wa mababu wa ukoo huo ni ala isiyo na nyuzi, isiyo na vibao vya kubonyeza, wala ngozi ya kupiga. Mpigaji husimama mbele yake, akapungia mikono hewani, na muziki ukatoka.

Aliyeibuni ni Mrusi, Lev Sergeyevich Termen, anayejulikana zaidi kwa jina alilotumia ugenini, Leon Theremin. Alipata sifa nchi za nje, akarudi kwao, akafungwa, kisha akafichwa kwa miaka mingi hadi watu wengi waliomfahamu wakadhani amekwisha kufa.

Theremin alizaliwa mwaka 1896 mjini St Petersburg, katika familia yenye asili ya Kifaransa. Alijifunza kupiga selo, ile fidla kubwa inayoshikwa katikati ya magoti, huku akisoma fizikia na elimu ya nyota chuo kikuu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alichukuliwa jeshini na kupangiwa kazi za redio.

Baada ya Mapinduzi ya 1917 aliajiriwa katika taasisi ya fizikia chini ya Profesa Abram Ioffe. Mwaka 1920 alikuwa akiunda kifaa cha kupimia gesi, chenye mlio wa kumjulisha mabadiliko. Akagundua kwamba akisogeza mkono karibu, mlio unapanda, akiuondoa, unashuka. Mwingine angesema kifaa ni kibovu. Yeye, kwa kuwa alikuwa mpiga selo, alianza kutafuta nyimbo kwa mkono wake.

Siri ya ala hiyo si ngumu. Ndani ya sanduku mna saketi mbili zinazotoa mawimbi ya redio ambayo sikio haliwezi kuyasikia. Moja haibadiliki. Ya pili imeunganishwa na fimbo ya chuma iliyosimama wima, na kwa sababu mwili wa mtu nao huathiri umeme, mkono ukiikaribia fimbo, mawimbi hubadilika kidogo. Tofauti kati ya saketi hizo ndiyo inayogeuzwa kuwa sauti. Mkono mmoja hutafuta noti. Mwingine, ukiwa juu ya kitanzi cha chuma, hupandisha na kupunguza ukubwa wa sauti.

Mwaka 1922 aliitwa Kremlin kumwonyesha Lenin, ambaye wakati huo alitaka umeme ufike kila pembe ya nchi. Lenin alifurahi, akajaribu kuipiga mwenyewe. Tangu hapo Theremin alizunguka miji mingi ya nchi yake akionyesha maajabu ya umeme.

Mwaka 1927 serikali ilimtuma nje. Frankfurt, Paris na London zilimshangilia, na mwisho wa mwaka alifika New York. Wenyeji wake hawakujua kwamba alikuwa na kazi ya pili, ya kukusanya habari za viwanda vya Marekani kwa ajili ya wakuu wake huko nyumbani.

Mwaka 1928 alipewa hataza ya Marekani, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake. Kampuni ya RCA ilinunua haki ya kuitengeneza ala hiyo na kuiuza, ikaunda kama 500. Wafanyabiashara watatambua haraka kilichotokea. Bei, pamoja na valvu na spika, ilizidi dola 200, fedha nyingi sana wakati huo. Matangazo yalisema yeyote anaweza kuipiga, kumbe bila sikio zuri na mazoezi marefu ilitoa kelele za paka tu. Tena iliingia sokoni mwaka 1929, na Oktoba ya mwaka huo soko la hisa la New York likaporomoka. Mali ilikuwa nzuri, lakini ahadi haikuwa ya kweli na wakati ulikuwa mbaya.

Aliyeonyesha uwezo halisi wa ala hiyo ni Clara Rockmore, mzaliwa wa Vilnius, aliyelazimika kuacha fidla kwa sababu ya matatizo ya mkono. Kwa ala ambayo haiguswi, akawa mpigaji wake mashuhuri kuliko wote. Theremin aliomba kumuoa, naye akakataa. Mvumbuzi huyo aliendelea na kazi: mwaka 1931 alimtengenezea mtunzi Henry Cowell mashine ya kutoa midundo mingi kwa pamoja, chombo ambacho wengi hukihesabu kuwa mashine ya ngoma ya kwanza. Akaunda pia jukwaa ambalo mcheza dansi hutoa muziki kwa mwili wake.

Mwaka 1938 alimuoa Lavinia Williams, mcheza dansi Mmarekani mweusi. Ndoa hiyo ilimfungia milango. Baadhi ya matajiri waliokuwa wakimsaidia walijitenga naye, na madeni yalikuwa yamekwisha kumlemea. Septemba ya mwaka huohuo alipanda meli ya Kisovieti kurudi nyumbani, bila mkewe. Kwa miaka mingi ilisemekana New York kwamba alitekwa. Uzeeni yeye mwenyewe alieleza kwamba aliondoka kwa hiari. Mke na mume hawakuonana tena. Lavinia alikwenda kufundisha dansi Haiti kwa miaka mingi.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini ngama aliyoirudia Theremin haikuwa ile aliyoiacha. Stalin alikuwa katikati ya msako wake, na mtu aliyekaa nje miaka 11 alikuwa mshukiwa kwa kukaa huko tu. Mwaka 1939 alikamatwa, akahukumiwa miaka 8 na kupelekwa Kolyma, mashariki ya mbali, kwenye baridi iliyoua wafungwa wengi. Huko, kama alivyosimulia baadaye, alibuni njia ya mbao ya kusukumia matoroli, na kundi lake likafanya kazi nyingi zaidi.

Ndipo wakuu wakakumbuka elimu yake. Alihamishiwa gereza la wataalamu, ambako wahandisi waliofungwa waliundia taifa mitambo, akiwemo mtengeneza ndege Tupolev. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mbao. Ilitundikwa katika makazi ya balozi, na ndani yake mlikuwa na chombo cha Theremin cha kunasia mazungumzo, kisicho na betri wala waya. Kiliamshwa na mawimbi ya redio kutoka nje. Wamarekani walikigundua mwaka 1952. Elimu ni ileile ya mwaka 1920: zamani mkono ulibadilisha mawimbi, sasa ilikuwa sauti ya balozi.

Mwaka 1947 aliachiwa na kupewa Tuzo ya Stalin, akaendelea na kazi za siri. Baadaye alipata nafasi katika chuo cha muziki cha Moscow, akaanza tena kuunda ala. Mwaka 1967 mwandishi wa gazeti la New York alimkuta huko na kuandika kwamba yu hai. Matokeo yake alifukuzwa, na ala zake zikavunjwavunjwa.

Wakati huo, ng'ambo, mbegu yake ilikwisha kuota. Robert Moog, aliyeanza kwa kuunda na kuuza ala za Theremin tangu ujana wake miaka ya 1950, alitoa sinthesaiza yake mwaka 1964. Kutoka hapo zilizaliwa sauti za vikundi kama Kraftwerk vya Ujerumani, na vinanda vinavyopakiwa leo kwenye malori kuvuka mipaka yetu.

Sisi tuliosomeshwa uhamishoni na kurudi na vyeti vya kwingine tunaielewa sehemu moja ya habari hii bila kufafanuliwa. Nchi ya Theremin haikuwahi kuukataa ujuzi aliorudi nao. Iliutumia hadi gerezani. Ilichokataa ni kumwamini mwenye ujuzi huo, na hasara ikawa ya wote: yeye alipoteza mke na miaka yake bora, nayo nchi ikapoteza ala ambazo wengine walizigeuza kuwa viwanda.

Mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 95, aliruhusiwa kuzuru Marekani, akaonana tena na Clara Rockmore. Alifariki Moscow Novemba 1993, akiwa na miaka 97.