Hermann von Wissmann (1853–1905)
Alizaliwa Frankfurt an der Oder, Ujerumani. Mwaka 1889 alitumwa kuzima upinzani wa pwani. Desemba mwaka huo Abushiri alinyongwa Pangani. Kisha zikachangwa fedha Ujerumani kununua meli ya mvuke, kwa madai ya kukomesha biashara ya watumwa Ziwa Nyasa. Ilipitishwa vipande vipande mito Zambezi na Shire, ikashushwa majini 1893, ikapewa jina lake. Mtahiniwa, usiishie kwenye madai hayo: safari hiyohiyo Wissmann alianzisha kituo cha utawala, Langenburg, kaskazini mwa ziwa. Alikuwa gavana 1895–1896, akafa Austria kwa ajali ya bunduki mawindoni. Meli ilishambuliwa na Waingereza Agosti 13, 1914, ikiwa ufukweni Sphinxhaven, yaani Liuli ya leo, mkoani Ruvuma.