Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga aliyebaki na majina mengi

Kwenye vijiji vya machimbo kama Kibabi, wilayani Masisi, si ajabu kusikia mtu akisema babu yake alikwenda Katanga zamani za Wabeleji kutafuta kazi, akarudi na gitaa. Picha hakuna, diski hakuna, na wazee waliomsikia wanaisha. Mjukuu anayetaka kujua ukweli wa habari hiyo aanzie wapi? Maisha ya Mwenda Jean Bosco yanaonyesha njia. Yanaonyesha pia pale njia inapopotea.

Alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, makao ya zamani ya Mwami Msiri wa Wayeke, yule aliyeuawa mwaka 1891 watu wa Leopold II walipokuja kuichukua Katanga. Kijana alikulia katika nchi ya shaba. Union Minière ilikuwa imekusanya wafanyakazi kutoka kila upande, hata Rwanda na Burundi, na makabila hayo yote yakasikilizana kwa Kiswahili. Ndicho Kiswahili alichoimba Bosco.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika ya Kusini, alipita Jadotville, leo Likasi, akiwa na mashine ya kunasa sauti. Huko akamsikia kijana wa miaka kama 22 anayepiga gitaa kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba lilishika besi, kidole cha pili kikatembeza wimbo juu yake, na asiyemwona angeapa kwamba wapigaji ni wawili. Wimbo wa Masanga ulinaswa wakati huo. Ulipata zawadi ya Osborn ya mwaka ule, kisha kampuni ya Gallotone ikautoa kwenye diski, ukasambaa hadi Afrika ya Mashariki.

Jina likamtangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi, ambako gitaa lake lilitangaza dawa ya Aspro. Ndugu yake Edouard Masengo naye alipata umaarufu mji huo huo. Wapiga gitaa wa Kenya waliiga vidole vyao, na anayesikiliza muziki wa zamani wa Kenya bado anaisikia Katanga ndani yake, hata kama wengi huko hawajui ilitoka wapi. Mwaka 1961 na 1962 mtaalamu David Rycroft aliandika upigaji wake noti kwa noti. Mwaka 1969 Bosco alipanda jukwaa la Newport, Marekani.

Sasa tuje kwenye ugumu. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo. Jean Bosco likaondoka kwenye karatasi, likabaki Mwenda wa Bayeke. Miji nayo ilikuwa imebadilishwa majina: Élisabethville ikawa Lubumbashi, Jadotville ikawa Likasi. Kwa hiyo mtu mmoja anapatikana kama Mwenda Jean Bosco, kama Jean Bosco Mwenda, na kama Mwenda wa Bayeke, katika miji ambayo haimo kwenye ramani ya leo. Kwa msanii mkubwa hilo si tatizo, maana watu wanamjua. Kwa babu aliyeimba mara moja mbele ya mashine kisha akarudi kulima, jina moja lililobadilika linatosha kumpoteza kabisa. Anayetafuta aulize kwanza jina la ubatizo, jina la baba na jina la utani, pamoja na jina la kambi ya kazi kama lilivyoitwa wakati ule.

Sauti zenyewe zipo. Tracey alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika mwaka 1954, na leo inatunzwa na Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Humo hamna watu wa Katanga peke yao: katika safari ya 1952 Tracey aliwanasa hata Wanande, majirani zetu wa kaskazini. Jumba la makumbusho la Tervuren, Ubeleji, nalo lina sauti nyingi za Kongo. Kwamba mtu wa Kivu lazima aandikie Afrika ya Kusini au Ubeleji ili asikie sauti ya babu yake, hilo linauma, lakini hali ndiyo hiyo.

Bosco mwenyewe aliendelea kupiga Lubumbashi wakati orkestra za gitaa za umeme kutoka Kinshasa zilipokuwa zimejaza radio zote. Mwaka 1979 mpiga gitaa Mwingereza, John Low, alifunga safari hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kujifunza kwake na kwa Masengo na Losta Abelo. Mwaka 1988 alirekodi tena, safari hii Cape Town. Septemba 1990 alifariki katika ajali ya gari. Nyimbo za Cape Town zilitoka Marekani mwaka 1994, na juu ya jaketi yake kuna jina la Mwenda wa Bayeke.