Burkitt, daktari aliyeweka kisu chini

Saratani ya taya inayowapata watoto huitwa Burkitt, na leo tunawaeleza wasikilizaji wetu Burkitt mwenyewe alikuwa nani.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho la kulia kwa jiwe lililorushwa na watoto. Alianza na uhandisi, akahamia udaktari, akawa mpasuaji. Serikali ya kikoloni ilimkataa kazi Afrika kwa sababu ya jicho hilo. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomleta huku, na mwaka 1946 akaanza kazi Lira, kaskazini mwa Uganda, kisha Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 aliitwa wodini kumwona mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Jipu la jino huvimbisha upande mmoja, kwa hiyo hili lilimsumbua. Muda si mrefu, akiwa Jinja, akaona mtoto mwingine wa hivyo hivyo. Akafungua mafaili ya zamani, akakuta wengi. Meno hulegea bila kuoza, na uvimbe hukua kwa kasi ya kutisha.

Kukata hakukusaidia. Mashine ya mionzi Uganda haikuwepo. Hapo ndipo tunapomheshimu zaidi: mpasuaji aliyekubali kuweka kisu chini. Alijaribu dawa za saratani, ambazo wakati huo zilikuwa bado changa, na uvimbe ukanywea ndani ya siku chache, wakati mwingine kwa dozi ndogo tu. Baadhi ya watoto walipona kabisa.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walinunua gari kuukuu, wakazunguka wiki 10, kilomita kama 16,000, kupitia Kenya na Tanganyika kuelekea kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wamewaona watoto wa namna hiyo. Ramani yao ilionyesha kwamba ugonjwa unakaa penye joto na mvua, kule kule penye malaria.

Mwaka huo huo alizungumza London, na mtafiti wa virusi Anthony Epstein alikuwa anasikiliza. Vipande vya uvimbe vikasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein na wenzake Achong na Barr wakatangaza virusi vipya. Karibu kila mtu huvipata, mara nyingi bila kuugua. Malaria ya mara kwa mara ndiyo humpunguzia mtoto nguvu ya kuvizuia. Virusi hivyo hivyo vinahusika na saratani ya nyuma ya pua kwa watu wazima. Hiyo husikia sana mionzi, na mionzi ndiyo tiba yake kuu.

Burkitt aliondoka Uganda, akajulikana upya Uingereza kwa kuhimiza vyakula vyenye nyuzinyuzi, akafariki mwaka 1993. Uvimbe wa taya bado unatibiwa kwa dawa. Mtoto akivimba taya na meno yakilegea, msikimbilie kung'oa. Mpelekeni hospitali wiki hiyo hiyo.